Unataka kubadili matumizi ya ardhi ya makazi kijijini? Mwongozo kamili wa kupata ridhaa ya kijiji (Tanzania Bara)

Kama umepata eneo kijijini, na kwenye mpango wa kijiji eneo hilo limeandikwa makazi, alafu wewe unataka kuweka loji, ghala, sheli, shule au kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, basi kabla ya ramani na kabla ya fundi kuna kitu kimoja lazima ukipate, nacho ni ridhaa ya kijiji. Na naposema kijiji simaanishi mwenyekiti. Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanapata sahihi ya mwenyekiti na mhuri wake wanadhani wamemaliza, wanamwaga mawe na mchanga, mwaka unaofuata mkutano mkuu unawakataa na hela imeshazama ardhini.

Nitaelezea hatua kwa hatua, kwa mfano mmoja ili tuende pamoja: mwekezaji Mtanzania anataka kujenga loji na ukumbi wa sherehe kwenye eka 6 zilizoko kitongoji cha makazi. Haya yote ni Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria zao za ardhi na wana Sheha, usichanganye.

Kwanza jua umesimama kwenye ardhi gani

Ardhi ya Tanzania Bara imegawanyika makundi matatu, ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji kama mdhamini wa wanakijiji, yani sio mali ya halmashauri, wao wameshika tu kwa niaba.

Sasa ishu inakuja kwenye vijiji vya pembezoni mwa miji, huko Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo, Arumeru na kwingineko ambako mji unakuja mbio. Unaweza kukuta watu bado wanapaita kijiji, ofisi ya kijiji ipo na bendera inapepea, kumbe eneo lilishatangazwa kuwa eneo la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Ikiwa hivyo, kubadili matumizi kunapitia kwa afisa mipango miji wa halmashauri ya wilaya, mji au manispaa, na kijiji peke yake hakiwezi kukubadilishia kitu. Vilevile kama ni mamlaka ya mji mdogo, pale hakuna kijiji, kuna vitongoji tu. Na mtaa sio kijiji, serikali ya mtaa haina mamlaka ya kusimamia ardhi kama iliyonayo halmashauri ya kijiji.

Kwa hiyo nenda idara ya ardhi ya wilaya, uliza maswali matatu: kijiji hiki kina cheti cha ardhi ya kijiji? Eneo limetangazwa kuwa la mipango miji au bado? Mpango wa matumizi ya ardhi upo na umeidhinishwa lini? Majibu hayo omba kwa maandishi, au angalau pata jina na cheo cha aliyekujibu na tarehe. Ni asubuhi moja tu ya kazi hiyo lakini inakuokoa na mengi.

Soma mpango wa kijiji kabla hujaongea na mtu yeyote

Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na sio vyote vina mpango wa matumizi ya ardhi. Ambavyo vinao, mpango uliandaliwa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, kijiji chenyewe ndo mamlaka ya kupanga, wataalamu wa wilaya wanasaidia, Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi inatoa miongozo. Mipango mingi imeandaliwa kwa miaka 10. Ukikuta mpango unakaribia kuisha muda wake, hiyo ni habari njema kwako, maana kijiji kitatakiwa kuupitia upya na ombi lako linaweza kuingia kwenye mapitio hayo badala ya kuonekana kama kiraka cha mtu mmoja.

Omba uone ramani ya mpango. Ofisi nyingi wanayo imebandikwa ukutani, nyingine imekunjwa kabatini. Angalia rangi ya makazi inaishia wapi, eneo la malisho liko wapi, njia ya mifugo inapita wapi, chanzo cha maji kiko umbali gani. Alafu omba sheria ndogo zinazoambatana na mpango, watu wengi hawaziombi kabisa. Humo ndo utakuta kimeandikwa ndani ya eneo la makazi kipi kinaruhusiwa na kipi hapana. Kuna vijiji sheria ndogo zao tayari zinaruhusu biashara ndogo na nyumba ya wageni ndani ya makazi kwa kibali cha halmashauri ya kijiji, na kama ni hivyo huhitaji kubadili mpango, unahitaji kibali tu. Mtu ambaye hakusoma anazunguka miezi kutafuta kitu alichokuwa nacho.

Pima na vikwazo ambavyo kijiji hakiwezi kukusamehe hata kikitaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kama nusu ya eka zako 6 inaliwa na hivyo viwili, bora ujue leo.

Mwenye ardhi, mwenza wake, na mipaka

Kabla ya kijiji kukusikiliza lazima uwe na haki ya kuomba. Ama ardhi ni yako tayari, ama mwenyewe amekubali kwa maandishi uombe kwa niaba yake. Uhamisho wa hakimiliki ya kimila, yani haki ya mtu kumiliki ardhi ya kijiji, unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, usije ukanunua kwa karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili alafu ukaenda kuomba kubadili matumizi, utaanza kuulizwa wewe ni nani.

Kama kuna nyumba ya familia juu ya eneo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuza au kuweka rehani. Mwite mama mwenye nyumba akae kwenye mazungumzo tangu mwanzo, asiletewe karatasi ya kusaini jioni. Kama ardhi ni ya urithi, taka kuona barua ya usimamizi wa mirathi, ukoo wote ukubali, maana yule mtoto aliyeko mjini ndo atakayekuja siku ya mkutano mkuu na kusimama kusema baba hakuuza.

Mipaka pitieni pamoja na majirani wote wanaopakana, mwenyekiti wa kitongoji awepo, mpige picha kila kona, majirani wasaini. Ukipata afisa ardhi akachukua vipimo vya GPS hapo hapo ni bora zaidi.

Barua ya maombi

Barua inaandikwa kwa mtendaji wa kijiji, VEO, yeye ndo katibu wa halmashauri ya kijiji na wa mkutano mkuu. Sio kwa mwenyekiti. Lakini kabla ya kupeleka barua nenda kasalimie, ofisini kwa wote wawili, bila bahasha. Unajitambulisha, unasema nia yako, unauliza utaratibu wao ukoje na vikao vyao vinakaa lini. Wazee wa kijiji wanapenda kusikia jambo kwako kabla hawajalisikia njiani.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Iseme eneo liko kitongoji gani, linapakana na nani kila upande, ukubwa kwa eka na kwa hekta (eka 6 ni kama hekta 2.4), matumizi ya sasa, matumizi unayoomba, na kwa nini hapo na sio pengine. Taja majengo unayotaka kujenga kwa idadi na kimo. Usiandike "mradi wa uwekezaji" ukaishia hapo, maneno mapana yanawatia watu hofu na wana haki ya kuogopa, maana ukipewa ruhusa ya "uwekezaji" kesho unaweza kuleta kokoto na baruti. Andika: "nyumba ya wageni ya vyumba 20, ghorofa hakuna, na ukumbi wa sherehe wa watu 200." Mtu akisoma aone picha.

Ambatanisha:

- nakala ya uthibitisho wa umiliki, au makubaliano na mwenye ardhi
- mchoro wa eneo na majirani, hata wa mkono mradi unaeleweka
- mchoro wa majengo yatakavyokaa, choo na shimo la maji taka viwe wapi, magari yatapaki wapi
- kitambulisho cha Taifa, na kama ni kampuni hati ya usajili ya BRELA
- karatasi moja ya ahadi zako (nitaifafanua chini)

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo.

Kitongoji kwanza

Hakuna sheria inayokulazimisha kuanza na kitongoji kwenye jambo hili, ila mi nakwambia anza huko. Watu watakaosikia muziki wa ukumbi wako usiku ni wa kitongoji kile, sio wa kijiji kizima. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji aitishe kikao, uende ukakae kwenye benchi usikilize. Utasikia mambo ambayo hayako kwenye ramani: pale pana njia ya watoto kwenda shule, pale mvua za masika maji yanasimama, pale pana kaburi la babu wa familia fulani, kisima kile kinapungua tangu watu wameongezeka. Andika yote. Yale unayoweza kurekebisha kwenye mchoro rekebisha kabla ya kwenda mbele, sogeza ukumbi upande wa barabara, acha njia ya mita kadhaa ya watoto, na useme wazi ni nani alishauri. Mchoro uliobadilika baada ya kuwasikiliza watu unasaidia kuliko maelezo ya saa nzima.

Omba muhtasari wa kikao hicho pia.

Halmashauri ya kijiji

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wengine wa kuchaguliwa wakiwemo wanawake. Kawaida hukaa kila mwezi. Ombi lako litapita kwanza kwenye kamati, mara nyingi ile ya fedha na mipango, na kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi kutakuwa na kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi, VLUM, hiyo ndo iende eneo la tukio na kuandika maoni. Waombe waende. Kamati iliyotembea kwenye eneo inajibu maswali ya wananchi kwa kujiamini, isiyotembea inababaika.

Kwenye kikao chenyewe utapewa dakika chache kueleza, alafu utatoka nje wajadili. Usikasirike kutolewa, ndo utaratibu. Halmashauri ikikubali, uamuzi wake unatakiwa usomeke hivi: inapendekeza kwa mkutano mkuu. Sheria ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, na mpango wa matumizi ya ardhi nao uliidhinishwa na mkutano mkuu, kwa hiyo kuubadili kunarudi kule kule ulikozaliwa. Mtu akikwambia "halmashauri imeshapitisha, anza tu", mshukuru, alafu usubiri mkutano.

Kama wewe unakodi ardhi ya kijiji badala ya kumiliki, kuna vipimo vya kuangalia kwenye sheria hiyo hiyo. Hekta zisizozidi 5 na muda usiozidi miaka 5, halmashauri ya kijiji inaweza kuamua. Zaidi ya hekta 5 hadi 30, au zaidi ya miaka 5 hadi 10, mkutano mkuu lazima uridhie. Zaidi ya hekta 30 au zaidi ya miaka 10, mkutano mkuu uridhie na Kamishna wa Ardhi atoe ushauri. Mfano wetu ni hekta 2.4 tu, lakini loji huwezi kuikodishia ardhi miaka 5, utataka 15 au 20, basi fuata daraja la juu. Ukigusa kipimo kimoja tu cha juu, usijipunguzie.

Mkutano mkuu wa kijiji

Huu ndo moyo wa jambo lote. Mkutano mkuu ni kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Kuna wa kawaida na wa dharura. Mi nashauri ombi lako liende kwenye mkutano wa kawaida, wa dharura ulioitishwa kwa ajili yako peke yako unazua maneno, watu wanaanza kuuliza kuna nini cha haraka hivyo na nani amelipwa.

Tangazo libandikwe mapema, wiki nzima angalau, ofisi ya kijiji, kwenye mbao za vitongoji, dukani, kanisani na msikitini, na ajenda yako iandikwe kwa jina lake kamili. Ajenda isifichwe kwenye "mengineyo". Nasisitiza hili kwa sababu uamuzi wa ardhi uliopitia "mengineyo" ni rahisi sana kupingwa baadae, mtu yeyote atasema hakujua kama siku ile kulikuwa na jambo la ardhi, na atakuwa anasema kweli. Kama ni msimu wa kulima au kuvuna, usilazimishe, watu watakuwa mashambani na akidi haitatimia.

Siku ya mkutano fika mapema, vaa kawaida, kaa wanapokaa wengine. Ukipewa nafasi anza na salamu, wazee shikamooni, mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wananchi, alafu nenda moja kwa moja. Bandika mchoro mkubwa mahali watu wanaona. Sema unaomba nini, wapi, na kitakachobadilika kwao. Dakika kumi zinatosha. Kazi kubwa ni maswali, na maswali yanayokuja karibu kila mahali ni haya:

Maji. "Hicho kisima chako kirefu kitakausha vyetu?" Usijibu "hapana" hewani. Sema utapata kibali cha kutumia maji cha bodi ya maji ya bonde, sema utavuna maji ya mvua, sema bomba moja litawekwa nje ya uzio kwa ajili ya majirani kama kweli utaliweka.

Ajira. Hapa watu wanaahidi ajira mia kumbe loji ya vyumba 20 haiwezi kulipa mia. Taja kazi za kweli, usafi, ulinzi, jikoni, bustani, useme ngapi zitatoka kijijini, na kwamba ujenzi utachukua vibarua wa hapa kwanza.

Kelele na pombe. Akina mama ndo watasimama kwenye hili na mara nyingi wanasema jambo zito kuliko wote. Kubali masharti: muziki unazimwa saa ngapi, mtoto hauziwi pombe, spika zinaangalia barabarani sio kwenye nyumba.

Ardhi itapanda bei, tutaondolewa? Jibu ukweli wa ombi lako, kwamba linahusu eka 6 tu na mpaka wake ni huu, na kama baadae utataka kuongeza utarudi hapa hapa kwenye mkutano.

Mtu mmoja atakataa kwa sauti kubwa. Mwache amalize. Usimjibu yeye, jibu hoja, alafu mwenyekiti aendelee. Ukianza kubishana na mwenyeji mbele ya wenzake umeshapoteza na wale waliokuwa upande wako.

Wakati wa kuamua omba kura ya kunyoosha mikono ihesabiwe, wanaokubali, wanaokataa, wasio na upande. Makofi hayahesabiki. "Wananchi wote waliridhia kwa kauli moja" ni sentensi inayoandikwa hata pale ambapo watu robo walinuna, na ndo sentensi ya kwanza wakili ataishambulia.

Muhtasari, usimamie kama mtoto mchanga

Ridhaa isiyoandikwa vizuri haipo. Muhtasari mzuri una: jina la kijiji, kata, wilaya, tarehe, mahali, saa ya kufungua na kufunga, idadi ya waliohudhuria wanaume na wanawake, ajenda zilizosomwa na kuthibitishwa, akidi ilivyothibitishwa, mjadala kwa ufupi pamoja na hoja za waliopinga, kura, na uamuzi. Mwishoni sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, mhuri, na nyuma yake orodha ya mahudhurio yenye majina, vitongoji na sahihi au dole gumba.

Aya ya uamuzi iwe na meno. Ifananishe na hii:

"Mkutano Mkuu umeridhia kubadili matumizi ya eneo lenye ukubwa wa eka 6 lililopo Kitongoji cha (jina), linalopakana Kaskazini na (jina), Kusini na (jina), Mashariki na barabara, Magharibi na (jina), kutoka makazi kwenda biashara ya nyumba ya wageni na ukumbi, kwa masharti yaliyoorodheshwa katika Kiambatisho A. Waliokubali (idadi), waliokataa (idadi), wasio na upande (idadi). Ujenzi usipoanza ndani ya miezi 24 ridhaa hii itarudi kujadiliwa na Mkutano Mkuu."

Hiyo sentensi ya mwisho wawekezaji wengi hawaipendi, lakini wewe iombe mwenyewe. Kijiji kinachojua kina mlango wa kutokea kinakubali kwa urahisi zaidi, na wewe inakusukuma uanze.

Omba nakala tatu zenye mhuri halisi, sio kopi. Alafu skani zote uzihifadhi. Viongozi wa vijiji wa sasa walichaguliwa Novemba 27, 2024 kwa miaka 5, wakibadilika mafaili yanahama na mengine hayafiki.

Ahadi na hela

Ile karatasi ya ahadi igeuzwe kuwa makubaliano ya maandishi kati yako na halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu ukiyasoma. Ahadi chache zenye tarehe na kipimo. "Nitasaidia shule" sio ahadi. "Nitajenga matundu 4 ya vyoo Shule ya Msingi kabla ya loji kufunguliwa" hiyo ni ahadi, na mtu yeyote anaweza kwenda kuhesabu.

Kuhusu hela, nisikilize vizuri. Kijiji kinaweza kuwa na ada au ushuru ulioko kwenye sheria ndogo zilizoidhinishwa na halmashauri ya wilaya, hiyo lipa, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na uchukue risiti. Ile "asilimia 10 ya mwenyekiti" au ya kitongoji inayodaiwa kila ardhi ikibadili mikono haiko kwenye sheria ya ardhi. Nauli na chakula cha wajumbe wa kamati wanaokwenda kukagua, kama kijiji hakina bajeti, kilipwe kupitia ofisi, kwa barua, kiasi kijulikane na kisomwe kwenye mapato. Chochote cha mfukoni gizani ni rushwa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwako na kwake, na ukiacha sheria, kijijini hakuna siri, siku ya mkutano mkuu watu watajua nani alipewa na nani hakupewa.

Baada ya kijiji, kata na wilaya

Muhtasari unapelekwa na mtendaji wa kijiji kwa mtendaji wa kata, unajadiliwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata chini ya diwani, alafu unapanda halmashauri ya wilaya. Huko mabadiliko ya mpango yanaingizwa rasmi, sheria ndogo zikiguswa zinaidhinishwa, na kama una hati ya hakimiliki ya kimila matumizi yaliyoandikwa humo nayo yarekebishwe. Hii hatua watu wanairuka, hati inabaki inasema makazi, na benki wakiisoma wanakurudisha.

Cheti cha mazingira cha NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, unakihitaji kwa miradi iliyo kwenye orodha ya kanuni kabla ya kuanza ujenzi, wasiliana nao mapema wakwambie mradi wako uko daraja gani. Kibali cha ujenzi, zimamoto, TANESCO, hivyo vinakuja baadae na vyote vitakuuliza muhtasari.

Kama mwekezaji sio raia, au kampuni ina wageni wengi kwenye hisa, njia ni nyingine kabisa. Mgeni hapati hakimiliki ya kimila. Ardhi inabidi ihawilishwe kutoka ya kijiji kwenda ya jumla, kwa mamlaka ya Rais, mkutano mkuu wa kijiji ndo unaoridhia au kukataa kwa maeneo chini ya hekta 250, na fidia inakubaliwa kabla ya uhamisho. Hiyo ni safari ya muda mrefu, anza kwa afisa ardhi wa wilaya na mamlaka ya uwekezaji, usianze kwa mwenyekiti.

Wakikataa

Kukataliwa sio mwisho. Omba sababu ziandikwe kwenye muhtasari, soma, rudi kitongojini. Mara nyingi tatizo ni kitu kimoja, ukumbi lakini sio loji, au upande ule wa kisima. Punguza, badilisha, omba tena mkutano unaofuata, miezi mitatu sio mingi.

Kama kuna mgogoro wa mpaka au umiliki umejitokeza katikati, simamisha ombi kwanza. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 wakiwemo wanawake 3, kazi yake ni kusuluhisha, na Baraza la Kata nalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Mkishindwana huko ndo mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiendelee kujenga shauri likiwa linasikilizwa hata kama una uhakika utashinda.

Na ukishakubaliwa, rudi kwenye mkutano mkuu unaofuata hata kama hujaitwa. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi kila mkutano wa kawaida, omba dakika tano humo, sema msingi umefika wapi, vibarua wangapi wa kijiji wameajiriwa, vyoo vya shule vitaanza lini. Fanya hivyo kila robo mwaka mpaka jengo lifunguliwe.